Tovuti imebadilishwa sura na wanachama wamekuja juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaoendesha tovuti zenye wanachama: watu wenye akaunti, wanaoandika, wanaojibizana na kurudi kila siku. Maswali mawili ya mwisho ni ya wanachama wenyewe. Tunaanza na hasira kwa sababu ndiyo inayowashtua wengi, kisha tunaingia kwenye ufundi, ambako sehemu kubwa ya hasira hiyo hutokea.

Mbona watu wamekasirika na muundo mpya ni mzuri kuliko wa zamani?

Kwa sababu wanachokiona wao ni kazi yao iliyokatizwa. Mtu anayefungua tovuti mara ishirini kwa siku hasomi menyu. Mkono wake unajua: juu kulia, kitufe cha pili, bonyeza, ujumbe mpya huu hapa. Siku kitufe hicho kikifichwa ndani ya alama ya mistari mitatu, kazi ya kubonyeza mara moja inakuwa ya kubonyeza mara mbili, na katikati yake kuna kutafuta. Zidisha mara ishirini. Mazoea yana taabu, ndiyo, lakini ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakimrudisha kwenu kila asubuhi.

Tena angalieni nani anapata na nani analipa. Muundo mpya kwa kawaida humfaa mgeni, ambaye zamani angepotea. Gharama yake huibeba mkongwe, aliyekuwa anajua njia zote. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Mkiondoa kitu kimoja na kuongeza kimoja, msitarajie vitoshane.

Hasira itaisha lini?

Inategemea ni hasira ipi. Kuna "sipendi" na kuna "siwezi". "Sipendi" huzungumzia rangi, nembo, nafasi kubwa kati ya mistari, "inafanana na tovuti nyingine". Hiyo hupoa kadiri jicho linavyozoea. "Siwezi" daima ina kitenzi cha pili: siwezi kuona nani kanijibu, siwezi kupanga kwa tarehe, siwezi kuingia. Hii haipoi. Baada ya muda hunyamaza kwa sababu mwenyewe ameondoka, na wasimamizi hudhani amezoea.

Njia rahisi ya kujua: chukueni wakongwe mia moja waliokuwa wakiandika kila wiki kabla ya mabadiliko, mhesabu wangapi bado wanaandika wiki ya pili, ya nne na ya nane. Msitumie idadi ya jumla ya wageni. Wiki ya kwanza idadi hiyo hupanda, maana watu huja kuangalia fujo.

Tuna malalamiko mia tatu. Tuanzie wapi?

Fungueni lahajedwali (spreadsheet) yenye safu sita: maneno yake kama alivyoandika, alikuwa anataka kufanya nini, kifaa, kivinjari, kundi, na hali ilipofikia. Makundi yawe manne tu.

Kimevunjika: kitu kilikusudiwa kifanye kazi na hakifanyi. Kimeondolewa: mliamua kisiwepo. Kimehama: kipo, ila hajakiona. Ladha: kipo, amekiona, hakimpendezi.

Vilivyovunjika vinashughulikiwa siku hiyo hiyo. Vilivyohama mara nyingi hutatuliwa kwa maandishi, yaani kuweka neno chini ya alama, au kwa kurudisha kitufe mahali pake. Ladha inahesabiwa, haijibiwi moja moja. Vilivyoondolewa ndivyo vigumu, na ndivyo vinavyoleta uasi wa kweli, kwa hiyo ndivyo vya kukaliwa kikao.

Wengi hawaandiki lalamiko lililo tayari kuingizwa kwenye safu. Mtu ataandika: "Takataka tupu, mmeharibu kila kitu." Mjibuni kwa swali moja: "Ulikuwa unataka kufanya nini ulipokwama?" Atarudi, bado na hasira, lakini safari hii atasema: "Nilikuwa natafuta maelekezo ya mwaka jana, utafutaji unaniletea ya miaka sita iliyopita kwanza." Hapo mmepata kosa halisi. Upangaji wa matokeo kwa tarehe umepotea, na huenda hakuna aliyeamua upotee. Ulisahaulika tu wakati wa kuandika upya ukurasa wa utafutaji.

Wanaolalamika ni wachache, na wengi wako kimya. Si tuwaache?

Wako wachache, ila angalieni ni akina nani. Katika jumuiya za mtandaoni mgawanyo hukaribia ule ambao Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliueleza mwaka 2006: kati ya watu mia, tisini husoma tu, tisa huchangia mara moja moja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa. Huyo mmoja ndiye anayepiga kelele sasa, na ndiye anayeandika wanachokuja kusoma wale tisini.

Kimya nacho si ridhaa. Muundo mpya wa Snapchat wa mwaka 2018 uliandamwa na ombi lililopata sahihi zaidi ya milioni 1.2. Sahihi ni rahisi kuzidharau. Lakini watumiaji wa kila siku walishuka kutoka milioni 191 katika robo ya kwanza ya mwaka huo hadi milioni 188 katika robo ya pili, na kampuni yenyewe ilikiri kwamba muundo ulichangia.

Je, ni kweli tovuti ya habari ya Digg iliuawa na muundo mpya?

Sura pekee isingeweza kufanya kazi hiyo. Toleo la nne la Digg lilitoka Agosti 2010. Liliondoa kitufe cha kuizika habari mbaya, yaani kuipigia kura ishuke, likawaruhusu wachapishaji wakubwa waingize habari zao moja kwa moja, na juu ya hayo likawa linaanguka mara kwa mara. Wanachama walizoea kwamba wao ndio wanaoamua kipi kionekane ukurasa wa mbele. Ghafla uamuzi ule haukuwa wao tena. Jibu lao lilikuwa kuujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, tovuti mshindani, kisha wakavifuata. Julai 2012 jina na tovuti vilinunuliwa na kampuni ya Betaworks kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola 500,000.

Linganisheni na Facebook, Septemba 2006. Mlisho wa habari (News Feed), unaomwonyesha mtu wanachofanya marafiki zake, ulipoanzishwa, mamia ya maelfu ya wanachama walijiunga na kikundi cha kuupinga ndani ya siku chache. Kampuni haikuuondoa. Ndani ya siku hizo hizo iliongeza vidhibiti vya faragha, ili mtu achague kipi kitangazwe kwa marafiki, na ikaomba radhi. Mlisho ukabaki. Kilichokuwa kinauma ni kutangaziwa mambo yako bila hiari, na dawa ililenga hapo hapo.

Na Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, Februari 2014: wanachama walisusa kwa wiki nzima kwa sababu ya toleo la majaribio lililobana maoni, na baadhi yao wakaanzisha tovuti yao, SoylentNews. Toleo lile halikuja kuwa la kudumu.

Kabla ya kuzindua, basi, jiulizeni ni mamlaka gani mwanachama anayapoteza. Kuzika, kupanga, kuchuja, kuficha, kuona nani kasema nini: vyote hivyo ni mamlaka, hata kama kwenye mchoro wa mbunifu vinaonekana ni vitufe vidogo tu vinavyochafua ukurasa.

Ni mabadiliko gani hasa huudhi wakongwe?

La kwanza ni msongamano wa ukurasa, na hapa wabunifu na wanachama husemezana bila kuelewana. Chukueni skrini yenye nafasi ya pikseli 800 chini ya kichwa cha ukurasa. Orodha ya zamani yenye safu za pikseli 32 huonyesha mada 25 kwa mtazamo mmoja. Kadi mpya za pikseli 133, zenye picha na kivuli, huonyesha sita. Mbunifu anaona ukurasa unapumua. Mkongwe anaona mada 19 zimeibwa, na kila asubuhi lazima aburuze mara nne kuona alichokuwa anakiona bila kugusa kitu. Dawa ni chaguo la "orodha iliyobana" ndani ya mipangilio, na likumbukwe kwenye akaunti. Ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kelele inazozima.

La pili ni kubadilisha kurasa zenye namba kuwa mteremko usio na mwisho, yaani ukurasa mmoja unaojiongeza kadiri mtu anavyoshuka. Mtu alikuwa anajua amefika ukurasa wa 14. Sasa akifungua mada na kurudi nyuma, anatupwa juu kabisa. Kama lazima mteremko ubaki, anwani ibadilike kadiri anavyoshuka, ili kitufe cha kurudi kimrudishe pale pale.

La tatu ni alama za kilichosomwa na kisichosomwa. Zikipotea siku ya uzinduzi, kila mada inaonekana mpya, na mwenye mada elfu mbili alizofuatilia kwa miaka anaanza sifuri. Hamisheni jedwali la alama hizo hata kama ni kubwa kupita yote.

Maandishi ya kijivu nayo yana kesi yake. Kijivu #999999 juu ya nyeupe kina uwiano wa mkolezo (tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandhari yake) wa takriban 2.85 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, wa kuhakikisha tovuti inatumika na kila mtu, hata mwenye ulemavu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu #767676 kinafika 4.54, yaani kinapita kwa nywele. Anayesema "macho yananiuma" mara nyingi anawaeleza kipimo hiki bila kujua jina lake. Msimweke kwenye kundi la ladha. Vilevile vitufe vya kugusa: WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka angalau pikseli 24 kwa 24, au nafasi ya kutosha kati yao.

Upana wa mistari ni ugomvi wa aina yake. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilishiwa sura Januari 2023, lawama nyingi zilikuwa kwa nafasi nyeupe pembeni, kwa sababu mistari ilifupishwa. Mistari mifupi husomeka vizuri kwa makala ndefu. Kwa majedwali na orodha ni mateso. Fupisheni maandishi, acheni majedwali yatanuke.

Tuzindue kwa wote siku moja au kidogo kidogo?

Kidogo kidogo, na mgawe kwa akaunti. Mkigawa kwa ziara, mtu huyo huyo ataona sura mpya asubuhi na ya zamani jioni, na atadhani amedukuliwa.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Wiki sita kabla, wekeni kiungo cha "jaribu muonekano mpya" kwa hiari. Waliojaribu kwa hiari ni wapenda mapya, kwa hiyo sifa zao zikatwe nusu, ila makosa wanayoyaona ni ya kweli. Kisha wapeni asilimia 5 ya akaunti bila kuwauliza. Njia nyepesi ni kugawanya namba ya akaunti kwa 100 na kuchukua akaunti ambazo salio la mgawanyo huo ni 0 hadi 4. Kaeni siku nne au tano. Halafu asilimia 20, halafu 50, halafu wote. Kila hatua ianze asubuhi ya siku mbili za mwanzo wa juma la kazi, kamwe isiwe Ijumaa. Kosa la Ijumaa jioni lina siku mbili za kuota mizizi kabla ya fundi kurudi.

Kabla ya hayo yote, waketisheni wanachama watano mbele ya muundo mpya na kuwapa kazi: "tafuta jibu la mwisho ulilopewa", "badilisha picha yako", "ripoti chapisho hili". Nyamazeni, tazameni wanapokwama. Nielsen alishaandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Angalau watatu kati ya hao wawe wakongwe.

Tupige kura ya "unapenda au hupendi"?

Hapana. Matokeo mnayajua tayari, na mkiyapuuza mtakuwa mmetengeneza ugomvi wa pili.

Tuache toleo la zamani likiendelea?

Kwa muda, ndiyo. Reddit ilileta sura mpya mwaka 2018 na kuacha ya zamani kwenye anwani yake ya old.reddit.com; Wikipedia nayo ilimwachia mwenye akaunti chaguo la sura ya awali kwenye mapendeleo. Njia hiyo huzima moto mkubwa, kwa sababu anayekwama ana pa kukimbilia badala ya kukimbilia kwa mshindani.

Gharama yake ni kwamba kila kitu kipya kinajengwa mara mbili, au toleo la zamani linaanza kupungukiwa na wanachama wanahisi wanafukuzwa kimyakimya. Marekebisho ya usalama lazima yafike pande zote mbili, hilo halina mjadala. Wekeni mapema sharti la kulifunga, na liwe la kazi: "tutalifunga orodha iliyobana, upangaji kwa tarehe na alama za kusomwa zikishakamilika". Tarehe tupu, bila sharti, husomwa kama vitisho.

Chaguo la mtu lihifadhiwe kwenye akaunti. Likihifadhiwa kwenye kidakuzi (cookie) cha kivinjari pekee, linafutika kila anapobadilisha kifaa au kusafisha kivinjari, na kila likifutika anaandika lalamiko jipya.

Viungo vya zamani havifunguki. Tunarekebishaje?

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi ya miaka kwa usiku mmoja, maana viungo vimetapakaa kwenye machapisho, barua pepe na tovuti za watu wengine msizozimiliki.

Toeni orodha kamili ya anwani za zamani kutoka kwenye hifadhidata, na si kutoka kwenye menyu. Ongezeni zilizoombwa katika kumbukumbu za seva za miezi kumi na miwili. Humo mtakuta maumbo ya anwani ambayo hakuna anayekumbuka kuwa yapo, pamoja na ya milisho ya RSS, ambayo programu nyingine husoma ili kupata machapisho mapya. Andikeni kanuni ya kuhamisha kila umbo kwenda jipya lake. Mfano: /mada.php?id=4821 iende /mada/4821. Tumieni msimbo 301, unaosema ukurasa umehama kabisa. 302 husema umehama kwa muda. Uhamisho uwe wa hatua moja. Ukurasa ukipelekwa A kwenda B kwenda C, kila hatua ni safari nyingine ya kwenda kwenye seva, na kwenye mtandao dhaifu mtu anaihisi.

Kilichofutwa kwa makusudi kijibiwe kwa msimbo 410, unaosema kimeondolewa kabisa. Msipeleke kila anwani iliyopotea kwenye ukurasa wa mwanzo: msomaji anachanganyikiwa, na Google huuhesabu uhamisho wa aina hiyo kama ukurasa usiopatikana.

Kuna mtego mmoja ambao wengi huangukia. Sehemu ya anwani inayofuata alama # haitumwi kwenye seva kabisa. Kiungo cha /mada.php?id=4821#jibu77 kikifika, seva inaona hadi 4821 tu. Kivinjari kitaibeba #jibu77 hadi kwenye anwani mpya, lakini kama ukurasa mpya umeliita jibu lile "chapisho-77", msomaji anatua juu ya mada yenye majibu 600 na kuambiwa ajitafutie. Kila jibu liachieni kitambulisho chake cha zamani. Kama mada imegawanywa kurasa upya, mtahitaji hati ndogo ya JavaScript (programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari) inayosoma # hiyo na kumpeleka kwenye ukurasa sahihi.

Tovuti za kampuni ya blogu ya Gawker zilionja hatari ya alama hiyo Februari 2011: muundo mpya uliweka anwani zote nyuma ya #!, na JavaScript ilipokwama, kurasa zikawa tupu.

Google inashauri uhamisho uachwe angalau mwaka mmoja. Kwa tovuti yenye jumuiya, uacheni milele. Mistari kumi ya kanuni haili kitu.

Wageni kutoka injini za utafutaji wamepungua ghafla.

Angalieni vitu vitatu kabla ya kulaumu muundo: tagi ya noindex (inayozuia ukurasa usiorodheshwe) iliyosahaulika kutoka tovuti ya majaribio, faili la robots.txt lenye "Disallow: /", yaani linalozifungia injini tovuti nzima, na tagi ya canonical (inayotaja anwani rasmi ya ukurasa) inayoelekeza kwenye anwani ya majaribio. Ni dakika tano. Kama vyote viko sawa, rudini kwenye swali la viungo.

Wanachama wanaambiwa nenosiri si sahihi.

Mfumo wa zamani haukuhifadhi nenosiri lenyewe. Ulihifadhi alama yake iliyosagwa (hash), na alama hiyo haigeuziki kurudi kuwa nenosiri. Kama zamani mlisaga kwa njia ya MD5 na mfumo mpya unasaga kwa njia ya bcrypt, alama hazitalingana hata mtu akiandika sahihi.

Msiwalazimishe wote kujisajili upya. Wenye maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza walifanya hivyo kwa wateja wao walipozindua tovuti mpya Februari 2014, na katika robo iliyoishia Juni mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1. Suluhisho ni kuzisaga alama zote za MD5 tena kwa bcrypt kwa mkupuo mmoja, na kuongeza safu inayosema "hii imesagwa mara mbili". Mtu akiingia, mfumo unasaga kwa MD5, kisha unalinganisha kwa bcrypt. Akifanikiwa, unahifadhi alama mpya safi na kufuta lile dokezo la kusagwa mara mbili. Yeye hajui lolote lililotokea.

Kubadilisha jina la tovuti, hata kutoka kwenye lenye www kwenda lisilo nayo, kunaweza pia kuwatoa watu wote nje ya akaunti. Hapo ndipo inagundulika kuwa wengi waliingia miaka mitano iliyopita na hawajaandika nenosiri tangu siku hiyo, na barua pepe waliyosajilia imekufa. Mwezi mmoja kabla, wekeni ukanda unaomwomba kila mtu athibitishe barua pepe yake. Na kama seva ya barua imebadilika, rekebisheni rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, la sivyo barua za kubadili nenosiri zitaishia kwenye kapu la taka.

Majina yamejaa alama za ajabu.

Mkiona "é" imegeuka "Ã©", maandishi yaliyohifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 yamesomwa kama ya mfumo mwingine, Latin-1, wakati wa kuhamisha. Hamisheni tena kutoka kwenye nakala ya awali. Kutafuta na kubadilisha herufi kwa mkono hakuishi. Kama maandishi yanakatika pale penye emoji, tatizo ni hifadhidata ya MySQL: aina yake ya zamani ya "utf8" huhifadhi baiti tatu kwa herufi, na emoji huhitaji nne. Tumieni utf8mb4 kwenye jedwali, kwenye safu, na kwenye muunganisho. Huo wa tatu ndio husahaulika.

Ukurasa umevurugika, lakini kwa baadhi ya watu tu.

Kivinjari chao kinapanga HTML mpya (ukurasa wenyewe) kwa kutumia faili la zamani la CSS (linalopanga sura) kililolihifadhi. Badilisheni jina la faili kwa kila toleo, kwa mfano mtindo.8f3a.css. Kumwambia kila mwanachama abonyeze Ctrl+Shift+R ni kumpa kazi yenu.

Wanasema tovuti mpya ni nzito. Kwetu inafunguka haraka.

Kwenu kuna kompyuta nzuri na mtandao wa ofisi. Pimeni kwa data za watumiaji halisi, kwenye simu. Viwango vya Google: kitu kikubwa kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha kurukaruka kwa vitu kisizidi 0.1, kwa asilimia 75 ya ziara. Kuruka huko ndiko kunakomfanya mtu abonyeze tangazo alipokusudia "jibu". Wapeni picha upana na urefu kwenye HTML, na kurukaruka kwingi kutakwisha.

Tangazo liandikweje?

Liwe na sehemu tano: kilichohama (zamani kilikuwa wapi, sasa kiko wapi), kilichoondolewa na sababu ya kweli, makosa tunayoyajua, mahali pamoja pa kuripoti, na lini tutajibu tena. Kama sababu ya kuondoa kitu ni kwamba kilikuwa ghali kukitunza, semeni hivyo. Watu huielewa gharama. Hawaelewi kuambiwa kuondolewa kwa kitu ni "uzoefu ulioboreshwa".

Msiandike "mtazoea", hata kama ni kweli.

Orodha ya makosa isasishwe kila siku kwa saa ile ile katika wiki mbili za mwanzo, hata siku ambayo hakuna jipya. Mstari wa "Upangaji kwa tarehe: umerudi leo" hupunguza malalamiko kuliko aya tatu za kuomba radhi.

Na wanaotukana?

Ondoeni tusi, acheni hoja. Chapisho likiwa na vyote viwili, mwombeni aliandike upya. Mkifunga mada ya malalamiko, itafunguliwa kwingine msikoweza kujibu.

Lini turudi nyuma?

Kuna mambo matatu yasiyosubiri: data inapotea, watu hawawezi kuingia, au mtu anaona cha faragha cha mwingine. Mengine yanarekebishika mkiwa mbele.

Ila tofautisheni kurudisha sura na kurudisha data. Mkirejesha nakala rudufu ya Jumatatu siku ya Alhamisi, mnafuta kila kilichoandikwa kwa siku tatu, na hapo ndipo mtaona hasira ya kweli. Kwa hiyo msifute safu wala jedwali la zamani siku ya uzinduzi. Ongezeni mapya, acheni ya zamani yajazwe sambamba kwa wiki nne, ili msimbo wa zamani uweze kuwashwa tena juu ya data ya leo. Na kama mnahamia seva nyingine, punguzeni muda wa TTL wa DNS (muda ambao kompyuta za watu hukumbuka jina la tovuti linaelekea seva gani) kutoka sekunde 86,400 hadi 300 siku mbili kabla, ili kurudi kuchukue dakika badala ya siku.

Mimi ni mwanachama tu. Niandikeje lalamiko lishughulikiwe?

Andika lalamiko moja kwa chapisho moja. Taja ulichotaka kufanya, anwani ya ukurasa, ulichobonyeza kwa mpangilio, kilichotokea, ulichotarajia, kifaa na kivinjari. Weka picha ya skrini, ukifunika barua pepe yako na ujumbe wa watu wengine. Kama kitu kimeondolewa, eleza unakitumia mara ngapi na kwa kazi gani. "Nilikuwa nachuja mada zisizo na jibu kila jioni ili niwajibu wageni" ni sentensi ambayo hakuna msimamizi mwenye akili atakayeipita.

Nifanye nini wakati nasubiri?

Kwenye kompyuta, Ctrl na alama ya kutoa hupunguza ukubwa wa ukurasa, na kivinjari hukumbuka kwa tovuti hiyo. Asilimia 80 hurudisha mada nyingi kwenye skrini. Kwa makala ndefu tumia hali ya kusomea iliyo ndani ya kivinjari. Kama unaelewa CSS kidogo, kiongezi kama Stylus hukuwezesha kuandika kanuni zako, kwa mfano kuondoa picha kwenye kadi na kupunguza nafasi kati ya safu. Usiweke hati za JavaScript za mtu usiyemjua. Hati ya namna hiyo inaweza kusoma kila unachoandika humo, pamoja na nenosiri lako.